Taa ya Injini Ikipepesa, Nani Alipe?

Ndugu Wanachama,

Nataka kusema habari ya taa moja ndogo ya manjano iliyo mbele ya usukani, yenye picha ya injini. Wengi wetu twaiona kila siku wala hatuijali. Taa hii ina maneno mawili. Ikiwaka na kukaa vile vile, yasema: kuna ubaya, nipeleke kwa fundi karibuni. Lakini ikiwaka na kuzima, ikiwaka na kuzima, yasema: punguza mwendo sasa hivi, tafuta mahali pa salama, usimame.

Jambo hili lilinipata mimi mwenyewe. Nilikuwa napanda na gari dogo la petroli, lenye mzigo, kutoka Kangemi. Nimepita Uthiru naelekea Kinoo, gari likaanza kutetemeka, nguvu ikapungua, na taa ikapepesa. Nikasimama kando ya barabara nikampigia tajiri simu. Akanijibu, "Wewe ni dereva au ni fundi? Lete mzigo." Nikaendesha. Nilipofika Kinoo chini ya gari palinuka kama mayai mabovu. Mwisho wa mwezi nikakuta mshahara wangu umekatwa, ati ni wa kununua katalaiza mpya.

Kwanza tujue sababu yake. Silinda moja ikikosa kuwaka, petroli yake haiungui, hutoka mbichi ikaingia katika paipu ya moshi. Humo ndimo ilimo katalaiza, yenye matundu madogo kama sega la nyuki, iliyopakwa madini ya thamani ili kusafisha moshi. Petroli mbichi ikifika hapo huungua, joto likapita kiasi, lile sega likayeyuka na kuziba. Ndiyo maana kompyuta ya gari hupepesa taa: yataka kuiokoa katalaiza. Plagi ni kitu cha bei ndogo. Katalaiza mpya yaweza kupita mshahara wa dereva wa mwezi mzima.

Pili, tujue kazi ya fundi, tusidanganywe. Fundi achomeke mashine ya kusoma katika tundu lililo chini ya usukani. Ikionyesha P0301, silinda ya kwanza ndiyo inayokosa. P0302 ni ya pili, na kuendelea. P0300 maana yake ubaya hauko katika silinda moja tu. Asikimbilie kununua vitu. Injini ikiwa imezimwa na kupoa, ahamishe koili ya silinda ya kwanza aitie katika ya tatu, na ya tatu katika ya kwanza, afute namba, kisha awashe. Namba ikigeuka kuwa P0303, koili ndiyo mbovu. Ikibaki P0301, atazame plagi, kisha injekta, kisha apime nguvu ya mgandamizo wa silinda. Kama ni P0300, aangalie vitu vinavyotumikia silinda zote: petroli chafu, pampu dhaifu, au mpira uliopasuka unaovuta hewa. Na fundi anayefuta namba tu bila ya kutengeneza amemziba mgonjwa mdomo asilalamike. Ugonjwa uko pale pale.

Sasa nije kwenye neno lenyewe. Matajiri wengine husema, gari likiharibika mkononi mwa dereva, dereva alipe. Si kweli. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, kifungu cha 19, yamruhusu tajiri kukata mshahara kwa ajili ya mali yake iliyoharibika kwa kosa la kusudi la mfanyi kazi, tena kwa kiasi cha haki. Dereva aliyesimama, akatoa habari, kisha akaamrishwa kuendelea, kusudi lake liko wapi? Mwenye kusudi ni yule aliyetoa amri. Wala tusitishwe na maneno kwamba hatuna barua ya kazi, kwa kuwa sheria hiyo huwalinda hata walioandikwa kwa mdomo.

Lakini tuseme kweli na sisi kwa sisi. Wako madereva wenzetu wanaobandika utepe mweusi juu ya taa hiyo ili abiria wasiione, kwa kuogopa hesabu ya jioni. Mwenye kufanya hivyo amempa tajiri fimbo ya kumpigia. Siku akikatwa mshahara chama kitamteteaje?

Basi shauri langu ni hili:

1. Taa ikipepesa, simama mahali pa salama, uzime injini.

2. Mpe tajiri habari kwa maneno ya kuandikwa katika simu, pamoja na saa na mahali. Akiamuru uendelee, mwombe naye aandike. Usiyafute maneno hayo.

3. Kwa fundi, ombua namba iliyosomwa, uiandike, na kitu kibovu kilichotolewa kionekane.

4. Viongozi wetu, mkikaa na matajiri kufanya mapatano, tieni neno hili ndani: dereva aliyesimamisha gari kwa sababu ya taa ya kupepesa asikatwe mshahara wa siku hiyo, wala asilipishwe uharibifu uliofuata amri ya tajiri.

Mimi zile fedha sikurudishiwa, kwa kuwa nilipiga simu tu, sikuandika hata neno moja. Nilipolalamika tajiri alikana kwamba aliniamuru, na mimi sikuwa na shahidi. Ndugu zangu, msingoje yawafike kama yalivyonifika mimi. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, na katika jambo hili mkuu ni ile taa.

Umoja ni nguvu.

Ni mimi dereva mwenzenu,
Kinoo.