Unene wa Mstari na Uhai wa Mchoro

Wapo walimu wa sanaa ambao hadi leo humpima mwanafunzi kwa usafi wa mstari wake. Mtu akichorwa kwa mstari wa unene mmoja tangu utosini hadi nyayoni, mchoro hupewa alama za juu. Mstari ukinenepa hapa na kukonda pale, mwanafunzi huambiwa kwamba mkono wake haujatulia, naye huamriwa kufuta. Kipimo hicho ni cha ramani za nyumba na vipuri vya mashine. Kumpima mwanadamu kwacho ni dhuluma.

Mtu ana uzito. Mwanamke aliyejitwika mtungi hulemewa shingoni, naye huikanyaga ardhi kwa nguvu. Basi mstari wa kisigino chake, wa chini ya kidevu, na wa mahali kanga inapokunjana kiunoni, hauna budi kuwa mnene, kwani hapo pana kivuli na mgandamizo. Paji la uso lililoelekea jua latosheka na mstari mwembamba kama unywele. Pengine hata ukatike kabisa, jicho la mtazamaji liukamilishe. Mkono ulio mbele ukichorwa kwa mstari mnene kuliko ule ulio nyuma, mara moja hujulikana upi u karibu. Mstari wa unene mmoja humgeuza mama huyo kuwa waya uliopindwa.

Wengine hudai kwamba hizi ni mbwembwe za kigeni. La hasha! Na waitazame misahafu iliyonakiliwa Siyu, katika kisiwa cha Pate, katika karne ya 18 na ya 19. Kalamu ya mwanzi, iliyochongwa kwa kisu na kukatwa ncha bapa, hutoa mstari mpana ikivutwa upande huu, na mwembamba ikivutwa upande ule. Mwandishi wa hati hizo hakuambiwa kwamba mkono wake haujatulia.

Nitajibiwa kwamba Hergé, yule Mbelgiji aliyeanza kumchora Tintin mwaka 1929, alisifika kwa mstari wa unene ulio karibu sawa. Ni kweli. Lakini Hergé aliuchagua mstari huo, na vitabu vyake vya rangi vilikuwa na rangi ya kutenga umbo na umbo. Mwanafunzi wetu hakuchagua. Ameshurutishwa, naye aghalabu hana ila penseli na karatasi ya daftari.

Na penseli hiyo yatosha. Ilazwe ubavu, mstari utanenepa. Isimamishwe wima, utakonda. Ikandamizwe kidevuni, ilegezwe kwenye paji. Rula na ibaki mkobani hadi kipindi cha jiometri.