Biri Inataka Unyevu Kabla ya Moto

Biri ikilazwa wiki mbili kwenye friji jirani na sato na dagaa, hutoka imekakamaa, ganda limepasuka, na harufu yake ni ya mwalo wa samaki. Mwenye nyumba aliyeiweka humo alikuwa na nia njema. Aliona ni kitu cha thamani, akakipeleka mahali ambapo vitu vya thamani huwekwa visiharibike. Kumbe friji ya nyumbani hukausha hewa, na jani la tumbaku hunyonya harufu ya chochote kilicho karibu nalo.

Kwa kawaida biri, ile sigara nene iliyosokotwa kwa majani matupu bila karatasi, hufika Nyamuswa, mkoani Mara, kama zawadi. Huletwa na kijana aliyerudi kutoka ng'ambo, au huachwa na mgeni anayeelekea Serengeti. Anayeipokea huichukulia kama sigara ya pakiti, na hapo ndipo kosa linapoanzia. Sigara ya pakiti ina tumbaku iliyokatwakatwa, ikaviringishwa karatasi na kufungiwa kiwandani ili ikae dukani miezi kadhaa. Biri ni majani mazima: ya ndani yanayoungua, moja la kuyashikilia, na la nje lililo laini na jembamba kuliko yote. Majani hayo yaliachwa yakauke kwa hewa, yakarundikwa yapate joto na kuchachuka, kisha yakasokotwa yakiwa bado na unyevunyevu. Unyevu huo ukitoweka, mafuta yanayobeba ladha hupungua nao. Ukizidi, ukungu huota.

Mkulima wa tumbaku hahitaji kufundishwa jambo hili. Iwe ni tumbaku ya mvuke ya Urambo, Kaliua na Chunya, au tumbaku ya moshi ya Namtumbo, au ile inayolimwa hapa hapa Mara, jani hutoka kwenye bani, nyumba ya kukaushia, limekauka kiasi cha kuvunjika mkononi. Linaachwa lirudishe unyevu kidogo kutoka hewani ndipo lichambuliwe kwa madaraja. Likifungwa likiwa bichi mno, robota zima huoza kwa ndani na mnunuzi hulikataa, na jasho la msimu mzima hupotea. Hata mzee anayenusa ugoro huziba kikopo chake barabara. Maarifa ya unyevu yapo nchini tangu zamani, ila hayajafika kwenye kabati ambamo biri ya zawadi imewekwa.

Kipimo chenyewe hakina siri. Biri hukaa vizuri kwenye hewa yenye unyevu wa asilimia 65 hadi 70, na joto la nyuzi 18 hadi 21. Unyevu wa namna hiyo unaweza kutengenezwa nyumbani bila gharama kubwa. Joto ndilo gumu kidogo, kwa sababu mchana wa Mara hupita nyuzi 25 mara nyingi, na joto likipanda juu ya 24, mayai ya dumuzi wa tumbaku yaliyojificha ndani ya jani yanaweza kuanguliwa. Mdudu huyo ni mdogo kuliko punje ya mchele. Hutoboa biri kutoka ndani, na mwenye mali hugundua siku anapoona vitundu na unga.

Sanduku la kuhifadhia biri, katika nchi zenye mazoea hayo, huundwa kwa mbao za msederela. Mti huo asili yake ni Amerika ya kati na kusini, mbao zake hustahimili unyevu, na harufu yake inapatana na tumbaku. La kusikitisha ni kwamba Tanzania inao: uliletwa kupandwa, na katika msitu wa Kimboza mkoani Morogoro umeenea hadi kuwa mvamizi anayesonga miti ya asili. Fundi seremala mwenye macho angeweza kuugeuza uharibifu huo kuwa bidhaa. Asiyepata msederela asikimbilie msonobari wala mkafuri, kwani harufu zao kali huingia kwenye jani na hazitoki.

Kwa mtu mwenye biri tano au kumi, sanduku la fahari halina ulazima. Kopo la plastiki lenye mfuniko wa kubana, lililooshwa na kuanikwa mpaka harufu yote iishe, linatosha. Ndani kuwe na kipande cha sifongo safi kilicholowekwa maji yaliyosafishwa kwa mvuke, kisha kikakamuliwa kisitone, kiwekwe kwenye kisahani kisigusane na biri. Maji ya kisima yana chumvichumvi na vijidudu, na ukungu hupenda hapo. Kopo lifunguliwe kwa muda mfupi kila baada ya wiki mbili hivi ili hewa ibadilike, na likae kwenye kona yenye giza na ubaridi, mbali na jiko na dirisha la magharibi. Katika nyumba nyingi kona hiyo inajulikana: ni pale uliposimama mtungi wa maji.

Kipimaunyevu kidogo kinasaidia, lakini vingi vya bei rahisi havisemi kweli. Kuna njia ya kukijaribu kwa kitu kilichopo kila jikoni. Chumvi hutiwa kwenye kifuniko cha chupa, ikaongezwa maji kidogo mpaka iwe kama uji mzito bila kuyeyuka yote, kisha ikafungiwa pamoja na kipimo hicho ndani ya mfuko usiopitisha hewa. Baada ya saa 24, hewa ya ndani huwa na unyevu wa karibu asilimia 75. Kipimo kikisoma 68, mwenye nacho anajua kwamba kinapunguza saba.

Friji nayo inarudi kwenye habari hii kwa kazi moja. Dumuzi akionekana, biri zifungwe kwenye mifuko miwili ya plastiki iliyobana, zigandishwe siku tatu, zihamie sehemu ya kawaida ya friji siku moja, ndipo zirudi kwenye kopo. Zikitolewa ghafla kwenye barafu, ganda hupasuka.

Masimulizi ya kale ya Waikizu, wenyeji wa Nyamuswa, humkutanisha Isamongo, mwindaji mwenye moto, na Nyakinywa, mwanamke mwenye mvua aliyetoka Kanadi, Usukumani. Katika biri pia maji na moto hukutana: maji hutangulia, na moto una adabu zake. Kichwa cha biri hukatwa kidogo tu, milimita mbili hivi, kwa kisu kikali. Njiti ya kiberiti iachwe kwanza baruti ya kichwani iishe kuungua. Koroboi isitumike, wala kiberiti cha petroli, maana harufu ya mafuta hudumu hadi mwisho. Ncha ya biri hushikwa juu ya mwali bila kuizamisha ndani yake, ikizungushwa polepole mpaka ukingo wote uwe mwekundu. Ndipo mtu avute taratibu, kwa mdomo tu, pasipo kumeza moshi. Akimaliza, asiikanyage wala kuisigina. Aiache kwenye chombo cha udongo chenye mchanga izimike yenyewe, na ahakikishe imezimika kweli, kwani nyasi za kiangazi hazisubiri.

Utunzaji huu wote haupunguzi sumu hata chembe. Biri moja kubwa inaweza kuwa na tumbaku sawa na pakiti nzima ya sigara, na asiyemeza moshi bado yumo katika hatari ya saratani ya mdomo na koo. Mwanamapinduzi Che Guevara, aliyepita Dar es Salaam na Kigoma mwaka 1965 kwenda Kongo akitumia jina la Kiswahili “Tatu”, alijulikana kwa biri yake huku akiteswa na pumu tangu utotoni. Fidel Castro, kiongozi wa Kuba aliyezuru Tanzania Machi 1977 akiwa mgeni wa Mwalimu Nyerere, mzaliwa wa Butiama, jirani na Nyamuswa, naye picha zake hazikukosa biri. Mwaka 1985 aliacha kabisa, ili awe mfano katika kampeni ya afya ya nchi yake, nchi inayouza biri mashuhuri kuliko zote duniani.

Tanzania iliridhia mkataba wa kimataifa wa kudhibiti tumbaku mwaka 2007, na sheria yake yenyewe ni ya mwaka 2003. Kuhusu mahali pa kuvutia, hizo hutazama maeneo ya umma. Sebuleni hakuna askari, ilhali biri kubwa huweza kuungua saa nzima au zaidi, na mtoto aliyelala chumba cha pili huvuta moshi huo bila kuulizwa. Kwa hiyo anayeamua kuwasha atoke nje, achukue kiti, akae upande ambao upepo hauelekei madirisha. Na kopo lile la biri, kwa kuwa mtoto anaweza kuzitafuna, lifungwe kwa kufuli.