Ufunguo wa API si peremende

Jamani, nimechoka! Wiki hii kijana mwingine kaniletea programu yake nimsaidie: mistari 15 ya Python, maktaba ya ccxt, na ufunguo wa API umeandikwa humo humo, wazi kabisa. Tena alishaipandisha GitHub.

Sina ugomvi na ccxt. Ni kazi safi: programu moja inaongea na masoko zaidi ya 100 ya sarafu za kidijitali. Ila wepesi huo unamsahaulisha mtu kwamba ameshika pesa.

Nikamuuliza, mbona ufunguo una ruhusa ya kutoa pesa? "Kaka, niliweka tiki kote." Kote! Roboti ya kununua na kuuza haihitaji ruhusa hiyo hata siku moja. Izime, kisha ufunge ufunguo kwa anwani ya IP ya seva yako. Na usidhani kuzima kunatosha: mwizi mwenye ruhusa ya biashara tu anaweza kukununulia, kwa bei ya kuruka, sarafu hafifu anayoiuza yeye mwenyewe. Desemba 2022 kampuni ya 3Commas ilikiri kuwa funguo za API za wateja wake zimevuja.

Halafu ada. Soko likikata 0.1% ukinunua na 0.1% ukiuza, mizunguko 20 ya mtaji wote kwa siku inakula karibu 4%. Kila siku! Kijana hakuwa ameipiga hesabu hiyo.

Sasa ananiambia amefuta faili GitHub, yamekwisha. Bwana, historia ya git bado inao! Futa ufunguo wenyewe kule sokoni, leo.