Aliyezidiwa na Unga ni Mgonjwa

Pwani yetu imezua neno ambalo sisi wanaisimu hatuna budi kulitazama: teja. Mchukue mteja, mtu anayekaribishwa dukani kwa heshima, umvue kiambishi chake cha awali, na wingi wake uite mateja. Papo hapo umemwondoa miongoni mwa watu ukamtupa pamoja na majitu. Wala hili si jambo la sarufi peke yake. Aliyekwisha kuvuliwa utu kwa ulimi hukawia kuokolewa kwa mkono, na kwa aliyezidiwa na heroini, huo unga wa mitaani, dakika chache ndizo uhai wenyewe.

Heroini hulegeza sehemu ya ubongo inayoendesha pumzi. Mtu hupumua kwa shida, midomo ikageuka rangi, kisha kimya. Wenzake humwagia maji baridi, ama hukimbia wakihofia polisi, maana sheria ya mihadarati ya 1994 humtia hatiani hata mwenye unga kidogo.

Ilhali dawa ipo. Naloksoni huibandua heroini pale iliponata ubongoni, na mgonjwa akapumua tena baada ya dakika chache. Mwaka 2014 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza iwafikie wote wanaoweza kumkuta mtu amezidiwa, wakiwemo jamaa na marafiki. Huko Chicago ilianza kugawiwa watumiaji wenyewe katika miaka ya 1990.

Basi nashikilia kwamba kila ambulensi ya Mombasa, Kilifi na Lamu ibebe naloksoni, na mhudumu wake afunzwe kuitumia. Afunzwe na subira pia. Nguvu ya naloksoni huweza kwisha kabla ya ile ya unga, mgonjwa akazimia upya. Haifai kumwacha kibarazani eti kwa kuwa amefumbua macho. Tena huamka na arosto, akitapika na pengine kumtukana aliyemwokoa.

Wapo watakaosema tunawadekeza. Nawauliza: mlevi aliyegonga mti kwa gari lake huachwa afe ili wengine wapate funzo? Serikali yenyewe ilianza kutoa methadoni katika hospitali ya Mathari mwishoni mwa 2014, na Malindi mwaka uliofuata. Lakini methadoni hunywewa na aliyeamka asubuhi akajikokota hadi kliniki. Wa usiku wa manane, aliyelala mtaroni, anamngojea mhudumu wa ambulensi, na mkoba wake usiwe na bendeji tu.