Eti Jangwani Limekaa Bure?

Haya jamani, leo mnivumilie, nataka kuongelea ndege. Sio ndege za Kipawa. Ndege wenye manyoya.

Wiki mbili zilizopita nilipanda mwendokasi kutoka Magomeni kwenda Kariakoo. Tulipofika Jangwani, kaka mmoja nyuma yangu, shati limepigwa pasi vizuri, akamwambia mwenzake: "Eneo lote hili limekaa bure tu, katikati ya jiji! Wangeshusha maghorofa hapa." Mwenzake akaitikia. Mimi nilikuwa dirishani. Kwenye matete nilihesabu yangeyange thelathini na kitu kabla basi halijavuka, na korongo mmoja kasimama peke yake kama mlinzi wa getini aliyecheleweshewa mshahara. Nikajiuliza, hili neno "bure" tunalipima kwa rula gani?

Nakiri, bonde la Msimbazi si zuri. Linanuka. Mto unatoka milima ya Pugu ukiwa maji na unafika Selander ukiwa umebeba kila tulichoutupia njiani. Lakini shuka pale mdomoni mwa mto wakati maji yamekupwa, kati ya mwezi wa kumi na wa tatu, uangalie tope lililo wazi mbele ya mikoko. Utawaona vitwitwi wanakimbia kama wamechelewa kazini. Wako wanaozaliwa Siberia, karibu na ncha ya kaskazini, wanaokuja kula minyoo yetu miezi kadhaa kisha wanarudi kuzaa. Utamwona sululu, mwenye mdomo uliopinda kuelekea chini. Ukibahatika utamwona ndege mweupe mwenye mgongo mweusi na mdomo mnene kama wa mtu mbishi, anayevunja kaa. Huyo anataga ndani ya mashimo anayochimba mchangani, kwenye fukwe za Oman, Ghuba na Bahari ya Sham. Halafu anakuja Dar. Sisi tunapita juu ya daraja la Tanzanite tunapiga selfi.

Ukirudi juu kwenye matete wakati wa mvua, utamkuta kweche dume amebadilisha nguo. Mwekundu wa kuwaka, anajitutumua juu ya bua ili jike amwone. Yule mdogo mdogo wa rangi ya kahawia uliyempita mwezi Agosti bila kumtazama, ndiye huyo huyo. (Kunguru siwataji. Wale waliletwa Zanzibar miaka ya 1890 eti wasaidie kula taka, na mnajua wenyewe kilichofuata. Huo ulikuwa mradi wa maendeleo pia.)

Sasa msije mkanielewa vibaya, kwamba nataka bonde libaki lilivyo. Mafuriko ya Desemba 2011 yaliua zaidi ya watu arobaini katika jiji hili. Anayesema "acheni maji yajiendee" hajawahi kulala juu ya kabati. Kwa hiyo Benki ya Dunia ilipoidhinisha dola milioni 200 mwaka 2022 kwa ajili ya bonde la Msimbazi, sikununa. Kuchimba mto, kujenga daraja jipya Jangwani, kuweka bustani kubwa ya jiji: vyote vina sababu. Karakana ya mwendokasi iliyowekwa hapo hapo bondeni ilituonyesha zaidi ya mara moja kwamba maji hayasomi ramani zetu.

Kinachonikera ni hesabu. Nyumba ya shangazi yangu iliwekewa X nyekundu mwishoni mwa 2015, ikabomolewa. Alielezwa kwamba Sheria ya Mazingira ya 2004 inataka mita 60 kutoka kwenye mto. Sawa, sheria ni sheria. Lakini mpango wa bonde hili, ule uliochorwa baada ya mafuriko ya 2018, una bustani katikati na pembeni yake ardhi itakayoinuliwa ili ijengwe. Shangazi aliponisikia nikieleza akauliza: "Kwa hiyo mwanangu, pale hapafai kukaa mtu, au hapafai kukaa mimi?"

Sikuwa na jibu. Na naona swali lake na la yangeyange ni moja. Eneo likiitwa bure, maana yake waliopo hawajaandikwa popote. Tunajua idadi ya magari yatakayopita juu ya daraja. Nani ana idadi ya vitwitwi wanaotua pale kila Januari? Usipowahesabu kabla tingatinga halijaingia, baadaye huwezi hata kusema umepoteza nini.

Na kwa kuwa Wabongo wote tunataka kuwa Singapore, niwape ya Singapore. Mwaka 1986 watu wa kuangalia ndege walikuta kwenye mabwawa ya kamba yaliyotelekezwa, sehemu inayoitwa Sungei Buloh, ndege wengi wa kuhama. Eneo lilikuwa limeshapangiwa kazi ya kilimo cha kisasa. Wakaandika, wakapeleka serikalini. Mwaka 1989 hekta 87 zikatengwa, na 1993 likafunguliwa rasmi. Katika nchi ambayo kila futi ya ardhi ni pesa! Hawakuandamana. Walikuwa na darubini, daftari na orodha.

Kwa hiyo ombi langu kwa wanaochora bustani ni dogo. Matete yabaki matete sehemu fulani, sio kila mahali nyasi za kupigia picha za harusi. Tope la mdomoni lisifukiwe, na lisimulikwe mataa usiku kucha. Na mahali patakapojengwa, waliovunjiwa waulizwe kwanza.

Mimi nimenunua daftari. Jumamosi saa kumi na mbili na nusu asubuhi nitakuwa upande wa Selander, nikiwa na darubini ya kuazima yenye kioo kimoja kilichopasuka. Anayetaka kuja aje, viatu vya kuchafuka. Shangazi kasema atakuja, ila anauliza kama kutakuwa na chai.