PADRE HUHAMA, PAROKIA HAIHAMI



Hapa kwetu, kutoka Busia kupita Adungosi hata Malaba, mpakia mizigo hujua ujira wake kabla jua halijatua. Lakini mpishi wa nyumba ya mapadre, karani wa parokia au askari wa usiku aweza kufanya kazi miaka mingi bila karatasi moja inayosema ameandikwa na nani na kwa mshahara gani. Kisha padre anahamishwa. Anakuja mwingine, na mfanya kazi anaambiwa: "Mimi sikukuandika." Miaka yote imefutwa kwa neno moja.

Twasema neno hilo si haki wala si sheria. Aliyeandikwa aliandikwa kwa kazi ya parokia, akalipwa kwa sadaka ya parokia. Tajiri wake ni kanisa, si padre aliyemkuta mlangoni.

Wako watakaojibu kwamba kazi ya kanisa ni huduma. Sisi hatubishani na huduma. Anayejitolea ajitolee, na aende nyumbani atakapo. Lakini mtu akipangiwa saa, akigombezwa kwa kuchelewa, na akikatwa pesa asipofika, huyo ni mfanya kazi, mwiteni mpendavyo. Biblia yenyewe, Kumbukumbu la Torati sura ya 24, yaamuru kibarua maskini alipwe siku ile ile kabla ya jua kuchwa. Naye Papa Leo wa 13 aliandika mwaka 1891 kwamba mshahara usipungue kiasi cha kumtunza mfanya kazi mwenye maisha ya kawaida.

Sheria ya Ajira ya Kenya ya mwaka 2007 imewaacha nje wanajeshi, polisi na askari wa magereza. Kanisa haikuliacha nje. Yasema hivi:

1. Kazi ya miezi 3 au zaidi iwe na mapatano ya maandishi, na kuyaandika ni juu ya tajiri. Asipoyaleta mahakamani, mzigo wa kuthibitisha ni wake.

2. Kila siku 7 iwemo moja ya kupumzika. Kwa watu wa kanisa Jumapili ndiyo siku ya kazi kubwa; basi wapewe siku nyingine. Na kila mwaka livu ya siku 21 za kazi, kwa mshahara kamili.

3. Anayelipwa kwa mwezi apewe notisi ya siku 28 au malipo yake, isipokuwa kwa kosa kubwa. Hata mwenye kosa aambiwe sababu na asikilizwe, akiwa na mwenzake.

4. Asiyewekewa akiba ya NSSF wala ya uzeeni aweza kudai malipo ya utumishi kwa kila mwaka aliofanya kazi.

Mwenye dai asilale. Dai la kazi likipita miaka 3, mahakama hailipokei.

Nanyi wanachama, sikilizeni. Halmashauri za parokia hazikaliwi na malaika. Hukaliwa na walimu, makarani na madereva, wengine wao wenye kadi ya chama mfukoni. Mtu anagoma Jumatatu kwa ajili ya nyongeza yake, na Jumapili anakubali mshahara wa askari wa usiku ungoje mchango wa paa. Huo si umoja. Mkisema parokia ni maskini, twajibu: sadaka ikitosha watu 2, waandikwe 2, si 5 kwa mshahara wa 2.

Twataka jambo moja, tena rahisi. Kabla padre hajaondoka, daftari ya wafanya kazi iandikwe: jina, siku ya kuanza, mshahara, livu iliyobaki na deni. Isomwe mbele ya halmashauri, itiwe sahihi na anayeondoka na anayeingia. Siku hiyo viti huhesabiwa, na ng'ombe pia. Watu nao wahesabiwe.