The Cosby Show: Familia tunaikumbuka, ila baba tumfanyeje?

Julai 20, 2025, Malcolm-Jamal Warner alizama baharini huko Costa Rica akiwa na miaka 54. Kwa mashabiki wa The Cosby Show, aliyefariki hakuwa mwigizaji tu. Alikuwa Theo, mtoto pekee wa kiume wa akina Huxtable.

Msiba huo umerudisha swali ambalo Wamarekani weusi wamekaa nalo zaidi ya miaka 10: utaikumbukaje familia hii kwa furaha wakati baba wa kwenye kioo ni Bill Cosby?

Walikuwa na nini cha pekee?

Kipindi kilianza NBC Septemba 20, 1984. Cliff ni daktari wa uzazi, mkewe Clair ni wakili, wana watoto watano na nyumba nzuri Brooklyn, New York. Kwa misimu mitano kiliongoza kwa watazamaji Marekani nzima, ingawa mara ya mwisho kiligawana nafasi hiyo na Roseanne.

Familia za weusi zilikuwepo kwenye TV kabla yao. Ila wale wa Good Times waliishi kwenye nyumba za serikali Chicago, na kila siku ni kuhangaika na pesa. Kwa akina Huxtable mambo yalikuwa ya kawaida tu: mtoto anabisha, baba anadokoa chakula alichokatazwa.

Sehemu ya kwanza kabisa, Theo analeta matokeo mabovu ya shule. Baba hachapi mtu. Anachukua noti za mchezo wa Monopoly, anampa "mshahara", kisha anaanza kukata: kodi ya serikali, nyumba, chakula, nguo. Mwisho dogo hana kitu mkononi.

Siasa nazo ziliingia kimyakimya. Sondra, dada mkubwa, alipojifungua mapacha, waliitwa Nelson na Winnie. Wakati huo Mandela bado yuko gerezani.

Ndoto na moto

Sehemu ya mwisho ilirushwa Aprili 30, 1992. Theo, ambaye kumbe tatizo lake shuleni lilikuwa disleksia, anahitimu chuo kikuu. Usiku huohuo Los Angeles inaungua, baada ya mahakama kuwaachia askari waliompiga Rodney King. Meya Tom Bradley aliwaomba watu wabaki nyumbani, watazame Cosby.

Mwaka huohuo watafiti Sut Jhally na Justin Lewis walitoa kitabu chenye hoja chungu: kwa kuwaona akina Huxtable, wazungu wengi waliamini ubaguzi umeisha, na mweusi aliyebaki maskini ajilaumu mwenyewe. Kwa hiyo kipindi hiki kilikuwa na maswali hata kabla ya kashfa.

Halafu Cosby mwenyewe

Wanawake zaidi ya 50 walijitokeza kumtuhumu, wengi wakisema aliwalewesha dawa kisha akawadhalilisha kingono. Yeye amekana siku zote. Aprili 2018 alitiwa hatiani Pennsylvania na baadaye akafungwa. Juni 2021 Mahakama ya Juu ya jimbo hilo ilifuta hukumu, kwa sababu mwendesha mashtaka wa awali alishaahidi kutomshtaki. Mwaka 2022, katika kesi ya madai California, baraza la mahakama lilimkuta na wajibu wa kumlipa Judy Huth dola 500,000.

Marudio ya kipindi yaliondolewa kwenye vituo kadhaa. Walioumia si Cosby peke yake, maana waigizaji wengine nao walikosa malipo ya marudio hayo.

Tufanyeje sasa?

Wapo wanaosema tutenganishe kazi na mtu. Kwa filamu nyingine labda inawezekana. Hapa ni ngumu. Kilichouzwa na kipindi hiki ni imani kwa baba mmoja mwenye busara, na Cosby aliitumia imani hiyohiyo nje ya kioo kuwafundisha weusi wenzake maadili. Zaidi ya hapo, Cliff ni daktari wa wanawake mwenye ofisi chini ya nyumba yake. Ukishajua tuhuma, vichekesho vya ofisi ile havichekeshi tena.

Lakini kufuta kila kitu ni kumpa Cosby zaidi ya anachostahili, kana kwamba nyumba ile aliijenga peke yake. Clair aliyekuwa hakubali kudharauliwa ni kazi ya Phylicia Rashad. Kijana anayeangukia pua na kuinuka tena ni kazi ya Warner, ambaye mwaka 2015 alisema wazi kuwa urithi wa kipindi umechafuka, na akaendelea kufanya kazi. Mwaka huohuo alishinda Grammy.

Hivyo unayeitafuta sehemu ile ya noti za Monopoly, itazame bila kuona aibu. Ila usimwambie mwanamke aliyetoa ushahidi mahakamani kwamba amekuharibia utoto wako. Yeye hakuharibu kitu.